Betri nne

Daktari aligeuza skrini ili mimi na binamu yangu tuone vizuri, akaweka ncha ya kalamu kwenye kivuli fulani kwenye ile picha ya kichwa cha shangazi, akasema hapa ndo mshipa ulipoziba, damu haikupita. Haijavuja. Kwa hiyo ni kiharusi cha kuziba, sio cha kupasuka, na dawa zake ni tofauti, ukimpa huyu dawa za yule unaweza ukammaliza.

Alikuwa kijana, mdogo kuliko mimi, anaongea taratibu kama mtu ambaye hajalala ila hataki ujue.

"Mama ana presha?"

"Anayo, ya siku nyingi," binamu akajibu.

"Dawa anatumia?"

"Alikuwa anatumia. Sasa ana kama miezi mitano hajatumia."

"Kwa nini?"

Binamu akaniangalia kwanza mimi, kama anaomba ruhusa, halafu akasema, "Kule zahanati kipimo kiliisha betri. Akienda anaambiwa arudi wiki ijayo, akienda tena vilevile. Mwisho akachoka."

Daktari hakusema neno. Akaandika.

Nimerudi Dar, hii ni wiki ya sita, na hiyo sentensi ya binamu haijatoka kichwani. Nikiwa kwenye daladala ipo. Nikibadilisha chaneli ya TV naitazama rimoti nacheka peke yangu, kicheko kibaya. Maana betri zenyewe ni hizi hizi, ndogo, nne. Shangazi yangu aliyenilea alilazwa upande wa kushoto haumtii, na kilichomfikisha pale, ukirudi nyuma hatua kwa hatua, unakutana na kitu kinachouzwa dukani kwa Mangi.

Nilitaka kuandika siku ileile, nashukuru sikuandika. Ningeandika upuuzi.

## Kwanza nisieleweke vibaya

Post ambayo ningeandika ile wiki ya kwanza ilikuwa na kichwa cha habari tayari. Ingesema serikali inajenga mahospitali makubwa ya kukatia utepe huku zahanati hazina betri. Ingepata like nyingi sana.

Shida ni kwamba mimi ni mtu wa Mtwara, na mtu wa Mtwara akianza kuisema vibaya Hospitali ya Kanda pale Mitengo, kuna kitu kinamkaba kooni.

Ninyi wa Moshi na Mwanza hamuwezi kulijua hili vizuri. Hospitali ya rufaa ya KCMC mnayo tangu 1971, Bugando iko juu ya kile kilima tangu mwaka huohuo. Sisi rufaa yetu ilikuwa inaitwa Muhimbili, na Muhimbili ilikuwa inaitwa kilomita zaidi ya mia tano, na hizo kilomita zilikuwa zinaitwa Ndundu. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa 2003 ulikuwa unavuka Rufiji kwa kivuko, na mto ukijaa unalala hapohapo na mgonjwa wako. Baba mkubwa wangu alilala ukingoni pale usiku mbili, kwenye gari la mzigo, juu ya magunia ya korosho, tumbo limevimba, watu wanampepea kwa kanga. Alivuka akiwa hai. Kufika Dar alifika, ila madaktari walisema mngemuwahisha.

Mngemuwahisha! Na nini sasa.

Halafu hata daraja lilipokuja, kile kipande cha Ndundu hadi Somanga kikabaki kimoja cha vituko vya nchi hii kwa miaka mingi mpaka lami ilipokamilika. Na wale wanaodhani hayo ni ya kale, wakumbuke Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilipokata barabara ya Lindi, magari yakakaa siku kadhaa hayaendi Dar wala hayarudi. Wiki ile nilikuwa nawaza kitu kimoja tu, mgonjwa mwenye rufaa ya Muhimbili leo anafanyaje? Ila safari hii kulikuwa na jibu ambalo baba mkubwa hakuwa nalo. Mitengo ilishaanza kupokea wagonjwa tangu 2021, Rais Samia akaizindua rasmi Septemba 2023. Ya kanda yote, Mtwara, Lindi, Ruvuma.

Na kuna la moyoni kidogo. 2013 watu wetu walipigwa mabomu ya machozi wakisema gesi haitoki Mtwara. Ikatoka, ikaenda zake Dar kwa bomba, na sisi tukaendelea kupanda basi kuifuata Dar kila tukiumwa. Kwa hiyo lile jengo kwetu sio jengo tu. Lilikaa miaka linajengwa, likisimama, linaendelea, linasimama tena, mpaka watu wakalifanya utani. Siku niliyoona taa zinawaka madirishani nilipiga picha nikatuma kwenye grupu la ukoo, na watu wazima wakatuma emoji za kulia.

Gharama pia watu huwa wanaihesabu vibaya. Kilichokuwa kinafilisi familia kwenye rufaa ya Dar sio bili ya hospitali peke yake, ni yule anayemuuguza mgonjwa. Anakaa wapi? Anakaa Mbagala kwa ndugu, wiki tatu, analala sebuleni na watoto wa watu, kila siku nauli ya kwenda Upanga na kurudi, uji kwenye chupa, na heshima inapungua kidogo kidogo kila asubuhi. Watu waliuza mikorosho kwa ajili ya hayo. Shamba la mikorosho kwetu ukiuza umeuza pensheni.

Shangazi alilazwa Mitengo, binamu alikuwa analala nyumbani kwake Magomeni ya Mtwara, anapika anapeleka. Hakuna aliyeuza mti hata mmoja.

Kwa hiyo ile post nikaifuta.

## Nilivyoenda kugombana

Siku ya nne nikaona nikae kimya hapana, nikapanda boda mpaka kijijini, saa moja na ushee. Nilikuwa nimeshapanga na maneno. Ningemwambia huyo nesi hivi na hivi, unajua ulichomfanyia mama wa watu?

Nikamkuta peke yake. Zahanati nzima, sista mmoja, na dada wa usafi. Mganga mfawidhi ameitwa semina wilayani. Kwenye benchi wamekaa kinamama sita na watoto, mmoja analia ile sauti ya masikio kuuma. Nikasubiri. Nikasubiri sana. Alimaliza na wale wote, akachoma sindano, akaandika, akatoa dawa dirishani yeye mwenyewe, akarudi kuandika tena, ndo akaniita, "Haya kaka, karibu, unaumwa nini?"

Hasira yote ikaenda na yule mtoto wa mwisho.

Nikamwambia mimi ni mtoto wa fulani. Akashika kichwa. "Mama amelazwa? Mimi nimesikia tu kasafiri." Alikuwa hajui. Mgonjwa wake wa presha wa miaka, amepata kiharusi, amepelekwa mjini, amelazwa, na yeye habari aliyopata ni ya kusafiri. (Na ili niwe mkweli mpaka mwisho, hata hiyo safari ya mjini ilichelewa siku nzima, kwa sababu mkono ulipogoma kushika kikombe asubuhi, watu wazima wa nyumba ile waliamua ni upepo mbaya na wakamuita fundi, mganga wa kienyeji, kwanza. Hilo sio la sista na sio la serikali. Hilo ni letu.)

Nikamuuliza betri.

Hakujitetea, jambo ambalo sikulitegemea. Akafungua droo akanionyesha kile kipimo, kimeviringishwa mkanda wake vizuri. "Hizi nimenunua juzi kwa hela yangu. Zile za mwanzo pia nilinunua kwa hela yangu. Za katikati hapo ndo sikununua."

## Sasa hapa ndo pagumu

Nikamuuliza swali la kijinga, kwani zahanati haina hela?

Ina akaunti. Watu wengi hawajui hili, kuanzia 2017/18 hela za mfuko wa pamoja wa wafadhili zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya zahanati, haziendi kukaa wilayani tena. Na hela inayokusanywa pale dirishani kwa wanaolipa nayo inabaki palepale. Kamati ya kijiji inakaa, inapanga. Hela ya kwanza ina masharti yake na mpango wake wa mwaka. Hii ya pili, ya dirishani, ndo inayonunua vitu vya ghafla. Sabuni, mafuta ya taa zamani, vocha, kitasa kikiharibika. Betri.

Akachukua rejesta ya MTUHA, lile daftari kubwa kuliko meza, akanifungulia ya miaka ya nyuma na ya sasa. Hakunitajia takwimu, aliniambia angalia tu hii safu ya umri. Nikaangalia. Ya zamani ilikuwa mchanganyiko, miaka 34, miaka 51, 2, 19, 45. Ya sasa chini ya mmoja, mwaka mmoja, 3, mjamzito, mjamzito, 2, mzee wa 70.

"Unaona?" akasema. "Hao wote ni msamaha."

Watoto chini ya miaka mitano hawalipi, wajawazito hawalipi, wazee wa 60 kwenda juu wasiojiweza hawalipi, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Ila wale wa katikati, wenye miaka 34 na 45, wenye elfu tatu ya kumuona daktari na elfu tano ya dawa, wako wapi? Wako kwenye boda wanaenda mjini. Barabara ni nzuri siku hizi, na mjini kuna hospitali kubwa, na mtu akishaona pana mashine basi homa tu anataka aipime na mashine. Anapitiliza. Hana karatasi ya rufaa, anaenda hivyohivyo, anajipanga foleni, analipa zaidi, anarudi kijijini anasema yaani kule ndo hospitali.

Na kila anayepitiliza, droo ya pale inabaki na betri za zamani.

Nikawa nimepata post yangu tena, nzuri kuliko ya kwanza! Hospitali kubwa inanyonya zahanati. Nikamwambia sista, kwa hiyo na yule dokta wenu aliyekuwa anapendwa, yule kijana, naye alichukuliwa kanda?

"Hapana. Alienda kusoma."

"Na wagonjwa walianza kupungua lini? Hospitali ilipofunguliwa?"

Akafikiri. Akasema ukweli wake, kwamba walianza kupungua tangu lami ilipopita na bodaboda zikawa nyingi, kabla hata ya kanda, walikuwa wanapitiliza kwenda Ligula, hospitali ya mkoa, na kwenye zahanati za watu binafsi. Kanda imeongezea tu. Halafu akasema kitu kingine kwa sauti ya chini kidogo, "Na hata mimi mtoto wangu akiumwa kweli, namkimbiza mjini."

Nikakosa pa kushika.

## Mifuko miwili

Usiku huo nililala kwa shangazi, kitanda chake, na sikulala. Nilikuwa nabishana na mimi mwenyewe.

Ule ulinganisho wa CT scan, ile mashine iliyompiga shangazi picha ya kichwa, na betri ni mtamu sana mdomoni ila una uongo ndani yake. Zahanati na vituo vya afya viko chini ya halmashauri, TAMISEMI. Hospitali za rufaa za mikoa na kanda ziko chini ya Wizara ya Afya. Mifuko miwili tofauti, suruali mbili tofauti tuseme. Hata ungeizuia ile CT scan isije, hela yake isingegeuka kuwa betri kijijini kwetu. Na CT scan ndo iliyomuokoa shangazi asipewe dawa ya kumuua. Miaka michache tu nyuma hospitali nyingi za mikoa hazikuwa nazo kabisa, zile zilizosambazwa kwenye hospitali za rufaa za mikoa zilikuja na ule mkopo wa UVIKO wa trilioni 1.3. Kabla ya hapo daktari alikuwa anaangalia mdomo ulivyopinda, anakisia. Nani anataka kurudi kwenye kukisia?

Ila upande mwingine nao haukunyamaza. Kitu kikubwa kabisa ambacho nchi hii imefanya kwenye afya miaka hii ni vifo vya wajawazito kushuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai laki moja, utafiti wa 2015/16, hadi 104 utafiti wa 2022. Ninavyoona mimi hiyo haikuletwa na hospitali za kanda. Ililetwa na vituo vya afya vya kata vilivyopewa chumba cha upasuaji, ili mama asifie njiani kwenda wilayani, na baadaye ikaja na M-mama, unapiga 115 bure, gari la wagonjwa halipo basi anakuja dereva wa taksi wa hapohapo jirani aliyesajiliwa, analipwa. Vitu vidogo vidogo vilivyo karibu.

Na hawa kinamama wanaookolewa, aliyetoka damu sana, mwenye mtoto njiti wa kilo moja, wanaishia wapi? Wanaishia kwenye hospitali kubwa. Ndo pale ubishi wangu unapojikata mkia.

Wazee wetu waliujua huu ubishi. Miaka ya mwanzoni mwa 70, wakati KCMC na Bugando ndo zinafunguliwa, TANU ilikuwa inaelekeza nguvu ziende kwenye maji, shule na afya vijijini, zahanati na vituo. Yaani vyote viwili, kwa wakati mmoja, kwenye nchi isiyo na hela. Na huku kusini kabla ya hapo zilikuwa zaidi hospitali za misheni. Ndanda, Nyangao, Peramiho. Kule Lulindi, Masasi, kuna daktari Mwingereza, Leader Stirling, alifika 1935 akaanza hospitali porini, na huyuhuyu baadaye akaja kuwa Waziri wa Afya wa Mwalimu. Huwa najiuliza alipokaa kwenye kiti cha uwaziri Dar alikuwa anafikiria nini kuhusu majengo makubwa, yeye aliyepasulia watu chini ya nyasi.

## Karatasi kwenye kabati

Shangazi aliruhusiwa baada ya siku kumi na moja. Mimi nilisharudi Dar. Binamu akanipigia video, shangazi amekaa kwenye mkeka chini ya mwembe, mdomo bado umevutwa kidogo, ananiambia, "We baba, umekonda." Amepooza nusu, anasema mimi ndo nimekonda.

Nikauliza, mlipewa karatasi? Walipewa. Imeandikwa vizuri tu, ugonjwa, vipimo, dawa, tarehe ya kurudi. Iko wapi? Iko kabatini, kwenye mfuko wa nailoni, chini ya kanga za sikukuu.

Sista ameiona?

Kimya.

Hakuna aliyempelekea. Hakuna hata aliyewaza. Na sio ujinga, ndo tunavyoijua rufaa sisi. Rufaa ni kitu kinachopanda. Zahanati inakuandikia kwenda kituo, kituo kinakuandikia wilayani, wilaya mkoani, mkoa kanda, kanda Muhimbili, na zamani Muhimbili inakuandikia India. Kila ngazi inakusukuma juu. Nani anakushusha? Ukipona unapanda basi mwenyewe.

Nikamwambia binamu aipeleke zahanati kesho yake asubuhi. Akapeleka. Jioni akanitumia voisi ndefu. Sista ameisoma yote, amefurahi kuiona, ila kati ya dawa nne zilizoandikwa yeye anazo mbili. Nikadhani zimeisha. Kumbe hazijaisha, haziruhusiwi kuwepo. Dawa nazo zina madaraja, ule mwongozo wa taifa wa matibabu unapanga dawa gani ianzie zahanati, gani kituo cha afya, gani wilayani, gani kwa bingwa tu. Daktari wa juu anaandika dawa ya darajani kwake, mgonjwa anashuka nayo mpaka chini ambako haitambuliki. Inabidi anunue duka la dawa mjini, au awe anapanda juu kila mwezi kuifuata.

Na bima? Alikuwa na CHF iliyoboreshwa, ile bima ya jamii iliyokuwa elfu 30 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka. Iliishia hospitali ya mkoa. Kanda haikugusa. Umri wake 58, bado miaka miwili afikie ule msamaha wa wazee. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilishapita 2023, shangazi akaniuliza imefika wapi, nikamwambia iko njiani, akasema hata hospitali mlisema iko njiani.

Hapo ndo nadhani nilielewa kinachonikera ni nini hasa, baada ya wiki zote hizo. Hospitali kubwa sio kwamba inamnyima mtu wa kijijini kitu. Ila ikishakuwepo inabadilisha macho ya kila mtu, mgonjwa anatazama juu, mwenye hela anatazama juu, sista akiumwa mwanae anatazama juu, na mimi mwenyewe picha niliyotuma kwenye grupu la ukoo ilikuwa ya taa za ghorofani. Hakuna aliyewahi kutuma picha ya kipimo cha presha.

## Wanaoshuka

Ipo mifano ya kushuka, nisije nikaonekana nalia tu.

Pale KCMC kuna kituo cha magonjwa ya ngozi, tangu miaka ya 90 mwanzoni kinachukua matabibu na manesi kutoka nchi nyingi za Afrika, kinawafundisha ngozi, kinawarudisha walikotoka. Hakiwabakishi Moshi. Na wanatengeneza pale mafuta ya kuzuia jua kwa watu wenye ualbino, wanayapeleka kwenye kliniki za huko huko wanakoishi, na kwenye zile kliniki wanakaguliwa ngozi. Hiyo ndo hospitali kubwa ninayoitaka, yenye miguu.

Halafu kuanzia 2024 kuna zile kambi za madaktari bingwa wa Rais Samia, wanashuka wilayani siku kadhaa, wanaona wagonjwa, wanafundisha waliopo. Niliwahi kuzidharau, niliona ni za kisiasa, jina lenyewe si unaliona. Sasa binamu wa upande wa mama alitolewa uvimbe kwenye kambi hizo bila kuvuka wilaya yake, nikanyamaza. Ila bingwa akiondoka Ijumaa, Jumatatu anabaki nani? Anabaki sista na droo yake.

Nilituma betri, ndio. Pakiti tatu, kwa basi. Najua mlikuwa mnasubiri niseme. Sista akanijibu meseji, "Asante sana kaka, sasa mkanda ndo umeanza kuvuja upepo."

## Daftari

Kadi ya kliniki ya shangazi ilikuwa imejaa, na kadi mpya zilikuwa hazijaja, kwa hiyo sista akamwambia mjukuu, yuko darasa la nne, alete daftari. Akaleta la hesabu, lile la vyumba vyumba. Kila Jumatano shangazi anakokotwa kwa baiskeli mpaka zahanati, anapimwa, sista anaandika kwenye vile vyumba, tarehe, namba ya juu, namba ya chini, na dawa alizomeza. Mjukuu ndo anayepasua vidonge kwenye karatasi zake kwa sababu mkono wa kushoto bado haushiki, na anajua kabisa kipi cha asubuhi kipi cha usiku, ukimkosea anakukaripia.

Tarehe ya kurudi kanda ilipofika, wiki iliyopita, walibeba daftari. Binamu anasema yule daktari kijana alilichukua akalifungua ukurasa kwa ukurasa, akauliza, "Nani anaandika hivi?" Wakamwambia sista wa kijijini. Akatoa simu akapiga picha kurasa zote. Akabadilisha dawa moja, akaweka ile ambayo zahanati inaruhusiwa kuwa nayo, akasema kwa hizi namba inatosha. Halafu akageuza ukurasa mpya akaandika mistari kama mitano hivi, akaweka sahihi, akasema mpeni sista.

Nikampigia shangazi jana, nikamuomba amwambie mjukuu anisomee kilichoandikwa. Nilikuwa na hamu kweli, nilitaka nijue, nilitaka hata nimalizie nayo hii makala.

Akakataa. Daftari analo yeye, kalifunga kwenye mfuko wa nailoni, chini ya mto, analingoja Jumatano.

"Barua ya sista hiyo," akasema. "Wewe ya nini uisome?"